Senje, Boma la Nekesa Nimeliona

Senje yangu Dina, dada ya baba,

Nimeenda, nimeona, na nimerudi na miguu yangu yote miwili. Sasa pumua. Najua huko uliko hakuna haja ya kupumua, lakini pumua tu kwa ajili yangu, maana mimi nilishika pumzi siku ile ulipotuacha na sikuiachilia hadi siku nilipojikuta katikati ya barabara ya udongo mwekundu kule Australia, mwavuli mkononi, nimezungukwa na magari ya watu nisiowajua. Nitafika hapo. Usianze kuniharakisha.

Nakuandikia nikiwa dukani kwangu Kakamega, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sare za shule zimejaa hadi mlangoni na wazazi wanapita wakichungulia. Nimegeuza cherehani ikaangalia ukuta ili wajue leo sishoni. Wakikasirika, wakasirike. Nimebeba maneno yako kichwani muda mrefu na leo nayatua.

Mengi yamebadilika tangu uende. Jafeti ameng'oa miwa yote ya upande wa mto akapanda mahindi na parachichi. Kaka yangu huyo, aliyeapa kwamba atakufa na miwa yake. Alichoka kungoja trekta la kubeba miwa huku miwa ikikauka shambani. Kuku wako weusi wamezaana hadi hawajulikani ni wa nani. Akina mama wa kanisa bado wanabishana ni nani ataanzisha wimbo, kwa kuwa wewe uliyekuwa ukiwanyamazisha kwa jicho moja hupo. Na mimi sasa watu wakiniita Senje wananitazama kana kwamba nina la kusema, kazi ambayo uliniachia bila hata kuniuliza kama naiweza.

Senje wengine, wakitumwa kuona boma atakakoolewa msichana, wanaenda siku moja, wanalishwa ingokho, kuku wa wageni, wanarudi wakisifu mapaa ya mabati. Wewe ulikuwa hufiki kwa lango. Ulishuka mbali, ukatembea kwa miguu, ukapitia kisimani na kwenye kisiagi cha mahindi, ukajifanya unatafuta mtetea wa kununua. Nyumba ya kwanza na ya pili ulizipita, kwa sababu hao ni ndugu, na ndugu hawezi kusema ugali umeungua. Uliuliza nyumba ya tatu. Ulitaka kujua nani anaishi pale, wazee ni wangapi na wanakula wapi, vijana wameenda wapi na kama wanarudi, watu wanazikana vipi, wanasalimiana vipi. Nyumba ya bwana arusi yenyewe uliiangalia mwisho, tena kwa haraka, kama mtu anayeangalia rangi ya bahasha.

Unakumbuka Shianda? Yule jamaa wa lori la miwa, aliyekuja kuposa akiwa na suti? Wote tulishamkubali. Wewe ukaenda na kikapu chako, ukarudi jioni, ukavua viatu, ukasema, "Pale nyanya yao anakulanga peke yake nyuma ya jikoni, akiangalia ukuta. Msichana haendi." Hapakuwa na la kuongeza. Baba alinung'unika wiki nzima kuhusu lile lori, na wewe ukaendelea kuchambua mrenda.

Sote tulijua ulikoutoa ukali huo, ingawa ulisimulia mara moja tu, tena bila kuinua macho. Wewe uliolewa ng'ambo ya Nzoia, mahali ambapo hakuna aliyetangulia kwenda kuona. Ng'ombe walikuwa wazuri, ikatosha. Siku mumeo alipokupiga ulipiga nduru, na ukasikia milango ya majirani ikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Ulirudi kwa kaka yako, baba yetu, na mkono ambao haukunyooka tena. "Si kipigo kilinirudisha," ulituambia. "Ni ile milango."

Basi ndiyo sababu Brian wa Australia alipokuja na ng'ombe wa mahari ya Nekesa, binti wa Jafeti, ulimkatalia.

Maskini Brian. Mtu ametoka upande wa pili wa dunia, jua limemchoma pua imekuwa nyekundu, ameenda hadi soko la Lubao na Jafeti kuchagua ng'ombe, amefundishwa na Nekesa kusalimia kwa mulembe, kisha anaketi mbele ya bibi mmoja mfupi mwenye mkono mmoja uliopinda na anaambiwa, "Ng'ombe zako ni nzuri. Boma lako sijaliona." Mimi ndiye niliyemtafsiria. Nilitafuta Kiingereza cha kupunguza makali, sikukipata. Nekesa alitoa simu akakuonyesha video: nyumba, mbwa, trekta, shamba la ngano hadi macho yanachoka. Ukaitazama yote kwa adabu, ukamrudishia. "Simu inaonyeshanga kile mwenye simu anataka." Ng'ombe wakapelekwa kwa jirani, hawakuvuka lango letu.

Nekesa alirudi Australia akilia. Alikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya kule shambani, yeye na Brian walikuwa wameandikishana ndoa serikalini, lakini kwetu alikuwa bado msichana wa Jafeti aliye safarini. Nawe ukaanza kuugua. Uliposema utapona uende mwenyewe, daktari aliangalia pembeni. Siku ya mwisho ukaniita nikainama, ukaniambia, "Uende uone. Ukiona pabaya, umlete. Usimwangalie uso, umlete tu." Na baada ya mazishi Jafeti akaniambia mbele ya wazee kwamba neno langu ndilo litakuwa neno la nyumba. Nikisema hapana, binti yake wa kwanza anarudi, na ndoa ile kwetu imekwisha.

Senje, unajua uzito wa jambo hilo? Ndiyo, unajua. Ulilibeba miaka yote hiyo, nami nilidhani unafurahia tu kutembeatembea.

Nikaenda. Nekesa alinitumia tikiti. Sitakueleza ndege, utacheka. Kutoka mji mkubwa wa pwani ya magharibi yao tuliendesha gari kutwa, na kila nilipodhani tumefika, hatujafika. Nchi ile imelala chali. Hakuna kilima hata cha kuegemeza macho. Ni ngano, kondoo, ngano, kondoo, na katikati miti mirefu yenye magome yanayobambuka. Nilitafuta moshi wa jikoni nisiuone. Nilitafuta mtu anayetembea nisimwone. Tulipofika kwa Brian nilishuka, nikageuka huku na huku, na mahali pote nilipoangalia hapakuwa na paa la jirani. Niliingia msalani nikalia. Nilijisemea, mtoto huyu akipiga nduru hapa, ni kondoo watakaomsikia.

Nilitaka kusema hapana siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshalipata neno. Lakini nikakumbuka kwamba wewe hukutoa neno kabla ya nyumba ya tatu, nikajilazimisha kufungua macho.

Basi nikuambie walivyo watu wa kule. Kamji kenyewe kana barabara moja. Kuna duka moja ambalo pia ni posta na pia ndilo linalouza mafuta ya gari, na anayelimiliki ni mama wa Kifilipino aliyeolewa na mkulima. Alinipima kwa macho kama tunavyopima sisi, na papo hapo nikampenda. Kuna kanisa linalofunguliwa pasta akifika, na hafiki kila Jumapili. Kuna shule ambayo watoto wake wote wangeenea jikoni kwako na nafasi ya kuku ikabaki. Kuna maghala ya ngano marefu kuliko kitu chochote, ukumbi wa mikutano, kiwanja cha mpira. Hospitali ya Nekesa iko mwisho wa barabara, daktari wake ni Mhindi na anakuja kwa zamu.

Watu wenyewe wengi ni wazee, Senje. Wanaume wa umri ambao kwetu mtu anaketi kivulini akidai chai, kule bado wako juu ya trekta. Watoto wao wamekwenda mjini na hawarudi, au wanarudi Krismasi na zawadi na simu mkononi. Ni kama kwetu Kabras tu, isipokuwa sisi watoto wakienda Nairobi wanatuachia wajukuu. Wao wanaachiwa mbwa. Wakati wa mavuno wanakuja vijana wa kutoka Ulaya wenye mifuko mgongoni, wanafanya kazi, wanakunywa, wanaondoka. Wanawake vijana ni wachache mno. Nilielewa kwa nini Brian alipomwona muuguzi mpya hakulala.

Nao wapo wenye nchi yao, waliokuwepo kabla ya ua wowote kujengwa. Mmoja wao, mama mtu mzima, anafanya kazi na Nekesa hospitalini. Alinionyesha kwa mkono, kutoka huku hadi kule, ardhi ya bibi zake, yote sasa ina seng'enge na majina ya watu wengine. Hakunilalamikia. Nami sikuhitaji kuelezwa mara mbili, maana hata kwetu baba zetu walisimulia hadithi zenye sura hiyo. Nilimuuliza kama Nekesa ana adabu. Akasema Nekesa alikuwa wa kwanza kumuuliza nchi hii ni ya nani. Hilo liweke upande wako wa mambo mema, ni wewe uliyemlea.

Salamu zao zilinisumbua. Wakipishana magari, wanainua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani. Kidole kimoja! Sisi ambao salamu inafika mpaka kwa ndama. Mwanzoni nilidhani ni ubahili. Kisha nikaona kwamba hakuna anayeachwa. Awe anajulikana, awe mgeni, awe adui wa mpaka wa shamba, kidole kinainuka. Nikaanza kuinua changu.

Chakula ni nyama ya kondoo, viazi, na nyama ya kondoo. Nekesa anapika obusuma, ugali wetu, kwa unga unaotoka mjini, na Brian anakula kwa mkono, anajichoma, anaendelea. Nzi wa kule hawana adabu hata kidogo, wanaingia puani wakati unaongea na mtu mzima. Maji ya kunywa ni ya mvua, yanakingwa kutoka mabati kama yetu. Jumamosi wote wanakutana kiwanjani, wanaume mpira, wanawake mpira wao wa pete, na wasiocheza wanakaa ndani ya magari yaliyopangwa kuzunguka kiwanja, na goli likifungwa wanapiga honi. Nilikaa na Nekesa kwenye gari tukapiga honi sisi pia. Usiwaambie akina mama wa kanisa.

Wazee wasiojiweza hukaa katika nyumba iliyoungana na hospitali. Hapo nilikunja uso, najua nawe unaukunja. Kumpeleka mzee wako akalale kwa watu wa mshahara! Nilienda kuangalia wanakula wapi. Wanakula pamoja, kwenye madirisha yanayotazama barabara, na niliona mkulima mmoja ameingia na buti za matope, akaketi kumsomea gazeti mwalimu wake wa shule ya msingi ambaye haoni tena. Nekesa alinong'ona kwamba huja kila wiki. Bado sikupenda. Lakini nilikunjua uso kidogo.

Ikabaki nyumba ya tatu.

Nyumba ya tatu kutoka kwa Brian ni ya mjane mmoja mzee aitwaye Joyce. Ndiyo, Joyce. Na kuna Brian, na Kevin, na Agnes, nilidhani niko kwetu Malava. Siku moja Brian alisema Joyce yuko hapo tu mbele, nikaamini, kwa kuwa hata sisi husema hapo tu mbele. Kumbe kila nchi na mbele yake.

Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilingoja asubuhi Nekesa akiwa kazini na Brian akiwa shamba la mbali, maana ulikuwa msimu wa kupanda ngano na watu hawashuki kwenye trekta. Nikavaa viatu vya kanisa, nikajitanda leso, nikachukua mwavuli na chupa ya maji, nikatoka kwa miguu. Sikumuaga mtu. Kuona boma hakuagwi. Nilitembea nikijisikia Dina halisi, hata nikaanza kupanga nitakavyouliza habari za mtetea.

Nyumba ya kwanza niliipita jua likiwa bado la huruma. Nyumba ya pili sikuiona kabisa. Barabara ilinyooka mbele yangu bila aibu, haikukata kona, haikunionyesha hata banda. Maji yakaisha. Viatu vya kanisa vikakumbuka kwamba ni vya kanisa. Mtu mwingine angerudi, lakini mimi ni wa ukoo wako, nikaendelea.

Likaja lori la kondoo. Likanipita, likasimama, likarudi kinyumenyume, na dereva, mzee wa kofia iliyochakaa, akashuka akiuliza gari langu limekufa wapi. Nikamwambia sina gari, natembea tu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuku anaimba. Kule, Senje, mtu anayetembea barabarani ni mtu aliyepatwa na jambo. Hakuna anayetembea. Akanipa maji, akaniketisha upande wa kivuli cha lori, akaongea kwenye redio waliyofunga kwenye magari yao ya kuitana. Nilisikia neno mwanamke na neno barabara. Nikamwambia asijali, aende, kondoo wake wanaumia na jua. Akakataa. Alisimama nami pale, kondoo wakilalamika, hadi vumbi la kwanza likaonekana.

Ndipo wakaja. Gari moja, la pili, mengine kutoka upande ule mwingine. Mzee mmoja alileta kamba ya kuvutia gari. Mama mmoja alileta chupa ya chai, chai yenyewe nyepesi kama ya hospitali, na biskuti. Vijana wawili waliacha trekta zao zikinguruma katikati ya shamba, msimu wa kupanda, wakakimbia kuvuka seng'enge. Mmoja alileta sanduku la dawa. Na Senje, nisikilize vizuri hapa. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Waliniuliza kama nimeumia. Waliniuliza kama kuna mwingine nyuma yangu aliyebaki. Jina langu lilikuja baadaye kabisa, chai ikiwa imekwisha.

Nilikaa kwenye udongo ule nikalia kwa sauti, na yule mama wa biskuti akadhani ni jua, akanimwagia maji kichwani, kitambaa cha kichwa kikalowa chote. Haikuwa jua. Nilikuwa nakufikiria wewe, ng'ambo ya Nzoia, unasikiliza milango. Nilitamani uwe wewe uliyeketi pale na watu wanakuja kutoka pande zote. Nililia kwa uchungu na kwa nafuu, vyote pamoja, na sijui kipi kilikuwa kingi. Nadhani nafuu.

Nekesa alifika na sare ya kazi, ameendesha kama mwizi. Alinigombeza kwa lugha yetu mbele ya wazungu wote, nami nikanyamaza, maana alikuwa na haki. Kisha akaketi karibu nami akauliza kwa upole, "Senje, si ungeniuliza mimi?" Nikamwambia anayependa haulizwi. Akacheka huku anafuta macho, kwa kuwa alijua sauti hiyo ilikuwa ya nani.

Joyce mwenyewe alisisitiza nipelekwe kwake, kwani si ndiko nilikokuwa naenda? Akaniketisha jikoni. Mama mrefu, nyonga mbovu, macho makali. Niliona hakuna haja ya kudanganya habari za mtetea. Nikamweleza yote: wewe, ng'ombe walio kwa jirani, neno ninalotakiwa kurudi nalo. Akasema, "Basi nikwambie na mabaya." Nikajua nimefika nyumba ya tatu kweli.

Mabaya yapo. Nekesa alipofika, kuna waliokuwa wakimsemesha polepole kama mtoto, na mmoja alimshika nywele bila kuomba. Mvua ikikosa watu wanakuwa wakali, na kuna wanaume wanaonyamaza hadi kunyamaza kunawaumiza. Umbea wao ni kama wetu, ukinunua mikate miwili jioni wanajua umepata mgeni. Na miaka iliyopita mzee mmoja, jirani yao wote, alianguka kwenye banda la kukatia manyoya ya kondoo, na hakuna aliyejua hadi kesho yake. Walimkuta amekufa. Joyce alisema hilo akiangalia mikono yake. Kila mmoja alidhani mwenzake amepita kumwona.

Tangu siku hiyo wanapigiana simu kila asubuhi, nyumba hadi nyumba. Si kuzungumza, ni kusikia sauti tu. Asiyejibu, aliyempigia anawasha gari. Anayempigia Nekesa ni Joyce. Na kuna asubuhi moja, msimu wa baridi, Nekesa hakujibu. Joyce aliendesha njia ile yote na nguo ya kulalia na nyonga yake mbovu, akapiga mlango kwa fimbo. Simu ya Nekesa ilikuwa imeanguka ndani ya maji, na yeye alikuwa jikoni anakaanga mayai.

"Nikala mayai," Joyce akasema.

Hapo, Senje, niliachilia pumzi. Sikungoja nyumba ya nne.

Walikuja Agosti, Nekesa na Brian. Wazee walipoketi, waliuliza nani ameliona boma. Nikasimama. Nikawaambia ni mbali, ni tambarare, wana nzi, chai yao haina maziwa, watu ni wachache na wengi wamezeeka, vijana wameenda mjini. Nikawaambia mtu akikwama barabarani wanaacha trekta. Nikawaambia ana watu. Jafeti akafunika uso kwa kofia yake. Ng'ombe wakafunguliwa kwa jirani wakavuka lango, na wanawake wakapiga vigelegele hadi nikajua umevisikia.

Ningeketi hapo. Lakini mdomo wangu unaujua, ulikwisha kufunguka. Unajua tulikuzika wapi. Mwanamke aliyerudi kwao hazikwi ndani ya boma, ndivyo walivyosema wazee siku ile, na tulikulaza nje ya ua, upande wa migomba, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kilio kinywani. Safari hii sikunyamaza. Niliwaambia boma la Australia nimeliona, na hili letu pia nimeliona, na hili letu lina mtu wake nje. Khocha, mjomba wetu, alikohoa, akasema mila ni mila. Jafeti aliinuka akaenda kuwafunga ng'ombe.

Asubuhi nilisikia panga. Nikatoka na shuka begani. Kaka yangu alikuwa anakata ua la siprasi upande wa migomba, lote, na Brian anachimba mashimo ya nguzo mpya kule chini, mbali, kupita kaburi lako. Kujenga ua anakujua kuliko kuongea, yule kijana. Khocha alifika, akasimama akiwatazama muda mrefu. Kisha akavua koti, akashika nguzo ili Brian ashindilie udongo.

Senje, nakuahidi nitaenda kuona kila boma nitakalotumwa, na nitarudi na neno lililo kweli hata likiwa chungu. Na wakija senje wa watu kutuchunguza sisi, nitawaambia na mabaya. Kuku wako nitawagawa, nimechoka nao. Nekesa aliondoka jana, amenipa kazi ya kukusalimia. Anasema Joyce alimpigia simu akiwa bado hapa, kusikia sauti tu.

Sasa lala, Senje yangu. Usihangaike na mtu tena. Ua liko ng'ambo yako, nawe uko ndani.

Ni mimi, Fridah wako.